Kwa Nini Atomu na Ioni Hazilingani kwa Ukubwa?



Vijana wetu wanaosoma shule za sekondari wametuletea swali ambalo, kwa wasemavyo, huwasumbua kila wakifika katika somo la kemia. Wanauliza hivi: Kwa nini atomu ya sodiamu ni kubwa kuliko atomu ya klorini, hali klorini ndiyo iliyo nzito na ndiyo yenye elektroni nyingi? Na kwa nini vitu viwili hivyo vikikutana katika chumvi mambo hugeuka, sodiamu ikawa ndiyo ndogo na klorini ikawa ndiyo kubwa?

Huenda baadhi ya wazazi wakasema: Mambo haya yana faida gani kwa watu wa nyumbani? Yaachiwe walimu wa shule. Nasi twajibu: La, yana faida kwa kila nyumba. Chumvi iliyo jikoni, mkufu ulio shingoni mwa mama, damu na mifupa ya watoto, na wanja uliomo kishubakani, vyote vimo katika swali hili. Msomaji akituvumilia mpaka mwisho, ataona jinsi tofauti ndogo ya ukubwa, isiyoonekana kwa jicho lolote, inavyoweza kumwokoa mtoto au kumdhuru. Sisi ni walimu wa chuoni, na shule yetu ilikomea madarasa ya chini. Lakini mambo haya tumeyasoma vitabuni na kuyauliza kwa wenye kuyajua, na twaona hufahamika kwa kila mwenye subira.

ATOMU NA KIPIMO CHAKE

Yafaa tujue kwanza ya kuwa kila kitu, kiwe jiwe, maji, hewa au nyama, kimejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu. Mwaka 1911 mtaalamu Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Manchester huko Uingereza, alibainisha kwamba atomu si donge gumu. Katikati yake pana kiini kidogo mno chenye chaji chanya, na pande zote za kiini zimetanda elektroni zenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, kwa hivyo kiini huzivuta elektroni zisitawanyike. Hasi na hasi husukumana, kwa hivyo elektroni zenyewe kwa zenyewe hazipendi kukaribiana.

Ndani ya kiini mna protoni, na hesabu ya protoni ndiyo inayopambanua kitu na kitu. Sodiamu ina 11, klorini 17, fedha 47, dhahabu 79, na risasi 82. Aliyeuthibitisha utaratibu wa hesabu hiyo mwaka 1913 ni kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, ambaye aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 naye hajatimiza miaka 28.

Ama kipimo cha atomu ni pikomita. Chukua milimita moja, uigawe mafungu milioni elfu. Fungu moja ndilo pikomita. Wataalamu hupima nusukipenyo, yaani kutoka katikati ya atomu mpaka ukingoni mwake. Nusukipenyo cha atomu ya sodiamu ni pikomita 186. Basi katika upana wa milimita moja zaweza kupangwa atomu za sodiamu zaidi ya milioni mbili na nusu.

Lakini vijana nawajue jambo moja. Atomu haina ganda gumu kama yai. Elektroni zake ni kama moshi unaopungua kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali na moto, wala huwezi kusema moshi umekoma hapa. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima mwendo uliopo baina ya atomu mbili jirani, kisha wakaugawa kwa mbili. Na jirani akiwa mwingine, jawabu hubadilika kidogo. Basi ukiona kitabu hiki kinasema 186 na kile kinasema 190, usidhani kuwa mmoja wa waandishi wake ni mwongo.

MFANO WA WAOTA MOTO

Tuseme ni usiku wa baridi, na moto umekokwa katikati ya uwanja. Watu wamekuja kuota moto, wamekaa kwa duara. Duara la kwanza lina nafasi ya watu wawili tu. Likijaa, wengine hukaa duara la pili, na la pili likijaa hukaa la tatu, na kuendelea. Moto ni mfano wa kiini, kuni ni protoni, na watu ni elektroni. Kila mmoja apenda kuusogelea moto, lakini aliye nyuma amezibwa na walio mbele, joto halimfikii sawasawa. Kadhalika hakuna apendaye kubanwa na jirani yake.

Tukiufahamu mfano huu, mambo matatu huamua ukubwa wa atomu. La kwanza ni hesabu ya maduara, ambayo wenye elimu hii huyaita matabaka. La pili ni nguvu ya moto, yaani wingi wa protoni. La tatu ni jinsi walio mbele wanavyowaziba walio nyuma. Mwenye kuyashika matatu haya hahitaji kukariri majedwali, kwani atayatoa mwenyewe.

KUSHUKA CHINI NA KWENDA KULIA

Jedwali la Elementi lilipangwa mwaka 1869 na Mrusi Dmitri Mendeleev. Mwaka uliofuata, 1870, Mjerumani Lothar Meyer alichora mchoro wa nafasi inayochukuliwa na atomu za kila kitu, akaona mstari wake unapanda na kushuka kama mawimbi ya bahari, na katika vilele vya mawimbi zimekaa sodiamu, potasiamu na jamaa zao. Hapo ilijulikana kwamba ukubwa wa atomu haukuja ovyo, bali una kanuni.

Kanuni ya kwanza: ukishuka katika fungu moja la Jedwali, atomu huzidi ukubwa. Tazama fungu la kwanza. Lithiamu ina pikomita 152, sodiamu 186, potasiamu 227, rubidiamu 248, na sesiamu 265. Sababu yake ni kwamba kila ukishuka ngazi moja huongezeka duara jipya nje ya maduara ya zamani. Kweli kuni nazo zimeongezwa, lakini watu wa mbele nao wameongezeka, wakamziba yule aliye peke yake nyuma. Basi yeye hukaa mbali.

Kanuni ya pili: ukienda kutoka kushoto kwenda kulia katika safu moja, atomu hupungua ukubwa. Hapa ndipo vijana wengi hukosea, kwani hudhani kwamba wingi wa elektroni ndio ukubwa. Tazama safu ya tatu: sodiamu 186, magnesiamu 160, alumini 143, silikoni 118, fosforasi 110, salfa 103, klorini 99. Kila hatua imeongezeka elektroni moja, na kila hatua atomu imepungua!

Akisema msemaji: Vipi kitu kiongezwe kisha kipungue? Tutamjibu: Kila hatua imeongezwa elektroni moja na protoni moja. Ile elektroni haikufungua duara jipya. Imekaa ubavuni mwa wenziwe katika duara lile lile la tatu, na aliye ubavuni mwako hakuzibii moto kama anavyokuziba aliye mbele yako. Moto umezidi kuni, na kinga haikuzidi sana. Basi duara lote huvutwa ndani. Sodiamu ina kuni 11 na klorini ina kuni 17, na nje ya zote mbili ni duara lile lile la tatu. Hii ndiyo sababu klorini ni ndogo, karibu nusu ya sodiamu.

Huu ndio mjibu wa nusu ya kwanza ya swali letu.

HABARI YA IONI

Ioni ni atomu iliyopoteza elektroni au iliyopata elektroni za ziada. Iliyopoteza hubaki na chaji chanya, na iliyopata huwa na chaji hasi.

Sodiamu katika duara lake la tatu ina elektroni moja tu. Ikimpoteza yule mmoja, duara zima limeondoka, na nje hubaki duara la pili ambalo watu wake wako karibu na moto. Tena kuni ni zile zile 11, na waotaji sasa ni 10, basi kila mmoja huvutwa zaidi. Kwa hivyo ioni ya sodiamu hushuka kutoka pikomita 186 mpaka 102.

Klorini nayo hupokea yule mmoja aliyetoka kwa sodiamu. Kuni hazikuongezeka, ni 17 zile zile, lakini waotaji wamekuwa 18. Wanabanana, wanasukumana, na duara linatanuka. Ioni ya klorini huwa pikomita 181.

Basi angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Kabla ya kukutana, sodiamu ilikuwa 186 na klorini 99. Baada ya kukutana, sodiamu ni 102 na klorini ni 181. Aliyekuwa mkubwa alitoa akawa mdogo, na aliyekuwa mdogo alipokea akawa mkubwa. Wala haya si maneno ya kukisia. Mwaka 1913 kijana William Lawrence Bragg, akisaidiana na baba yake, alitumia miali ya eksirei kuchungua jinsi atomu zilivyopangwa ndani ya chumvi, na mwaka 1915 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, naye mtoto ana miaka 25. Mwendo uliopo katika chumvi kutoka katikati ya sodiamu mpaka katikati ya klorini ni kiasi cha pikomita 282. Jumlisha 102 na 181, utapata 283. Hesabu imekuja sawasawa.

Kwa anayetaka kuhakikisha kwamba ameelewa, tumpe jaribio. Zipo ioni tano ambazo zote zina elektroni 10, wala hazizidiani hata moja: ya oksijeni, ya florini, ya sodiamu, ya magnesiamu, na ya alumini. Je, zitalingana? Anayedhani kwamba elektroni ndizo ukubwa atasema zitalingana. Lakini vipimo vyasema: oksijeni 140, florini 133, sodiamu 102, magnesiamu 72, alumini kiasi cha 53. Waotaji ni kumi kila mahali, ila kuni ni 8, kisha 9, kisha 11, kisha 12, kisha 13. Kadiri moto ulivyozidi, ndivyo walivyovutwa ndani.

DHAHABU NA FEDHA

Twarudi kwa mkufu wa mama. Fedha imo katika safu ya tano ya Jedwali, na dhahabu imo chini yake, katika safu ya sita. Kwa kanuni ya kwanza twatarajia dhahabu iwe kubwa zaidi. Lakini ukipima utaona atomu ya fedha ina pikomita 144, na ya dhahabu pikomita 144! Na hii ni moja katika sababu zinazofanya madini haya mawili yakubali kuchanganyika kwa kila kiasi, kama ajuavyo kila sonara. Atomu ya hii hukaa mahali pa atomu ya ile bila kuisumbua.

Je, kanuni imevunjika? Haikuvunjika. Baina ya safu ya tano na dhahabu wameingizwa watu 14 wa namna ya peke yao, katika elementi ziitwazo lanthanidi. Elektroni zao zimekaa ndani, lakini kwa umbo la makao yao hawazibi moto vizuri. Kuni 14 zimeongezwa, na kinga iliyoongezwa ni hafifu. Basi matabaka ya nje huvutwa ndani mpaka likafidiwa lile duara jipya. Tena katika dhahabu kuna sababu nyingine: kiini cha protoni 79 huzivuta elektroni kwa nguvu hata zile zipitazo karibu naye hukimbia kwa mwendo usio mbali sana na mwendo wa nuru, na jambo hilo nalo huzidi kuibana atomu.

Mtaalamu Victor Goldschmidt, aliyefanya kazi yake Norway, ndiye aliyelipa jambo la lanthanidi jina lake mwaka 1925, akaliita mkazo wa lanthanidi. Na faida yake ilikwisha kuonekana miaka miwili nyuma. Mwaka 1923, katika mji wa Copenhagen, Dirk Coster na George de Hevesy waligundua madini ya hafniamu ndani ya mawe ya zirkoniamu. Watu walikuwa wakiyashika mawe hayo kwa zaidi ya miaka mia wala hawakujua kuwa ndani yake mna vitu viwili, kwani atomu ya zirkoniamu ni pikomita 160 na ya hafniamu 159. Mmoja alijificha ndani ya mwenziwe kwa kulingana naye.

Vijana walishike vizuri neno hili la kujificha kwa kulingana, kwa maana ndilo litakalotufikisha katika miili yetu.

MLANGO WA POTASIAMU

Herufi ya potasiamu katika Jedwali ni K, na asili yake ni neno la Kiarabu al-qali, maana yake jivu la mimea. Sodiamu nayo twaijua katika chumvi na katika magadi. Vitu viwili hivi ni ndugu wa fungu moja, na ioni zao zote zina chaji moja chanya. Ndani ya chembe hai za mwili potasiamu ndiyo nyingi, na nje yake sodiamu ndiyo nyingi, na kwa tofauti hiyo moyo hupiga na mishipa ya fahamu hupeleka habari.

Katika ukuta wa kila chembe hai imo milango inayoruhusu potasiamu na kuizuia sodiamu. Hupita ioni za potasiamu elfu na zaidi kabla haijapita moja ya sodiamu. Ajabu yake ni kwamba ioni ya potasiamu ni kubwa, pikomita 138, na ya sodiamu ni ndogo, pikomita 102. Ni mlango gani unaompitisha mnene ukamzuia mwembamba?

Mwaka 1998 Mmarekani Roderick MacKinnon na wenziwe waliuona umbo mlango huo, na mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nobel. Ioni ikiwa ndani ya maji huzungukwa na maji yaliyoishikilia, na haipiti mlangoni mpaka iyavue. Ndani ya mlango zimepangwa atomu za oksijeni kwa nafasi iliyo sawasawa na kimo cha potasiamu, basi potasiamu huvua maji yake na kupokewa na oksijeni hizo kama kwamba bado imo majini. Sodiamu ni ndogo, haizifikii pande zote, na kwake ni hasara kuvua maji yake. Basi hubaki nje. Pikomita 36 ndizo zilizo baina ya mwenye ruhusa na asiyekuwa nayo, na uhai wa mtu hutegemea hizo.

RISASI YAJIFICHA KATIKA SURA YA KALSIAMU

Sasa tumefika mahali tulipopakusudia tangu mwanzo.

Mifupa na meno hujengwa kwa kalsiamu, na katika ubongo kalsiamu ni mjumbe anayebeba amri kutoka chembe mpaka chembe. Ioni ya kalsiamu ina chaji mbili chanya, na kimo chake ni pikomita 100. Risasi ni kitu kizito chenye protoni 82, imo katika safu ya sita, na mtu angetaraji ioni yake iwe kubwa mno. Lakini imepoteza elektroni mbili, na kuni 82 na ule mkazo wa lanthanidi huivuta ndani, hata ikawa pikomita 119 tu. Na chaji yake ni mbili chanya, kama ya kalsiamu.

Basi mwili huona mgeni mwenye chaji ile ile na kimo kilichokaribiana, ukamfungulia mlango. Risasi hupita katika matumbo kwa njia za kalsiamu, huingia mifupani na kukaa humo makumi ya miaka, na huingia katika ubongo ikakaa mahali pa yule mjumbe, lakini hafikishi ujumbe kama ulivyo. Mtu mzima huumwa kwa hayo, lakini mtoto hudhurika zaidi, kwa kuwa ubongo wake ndio kwanza unajengwa, na mwili wake una njaa ya kalsiamu. Shirika la Afya Duniani husema kwamba watoto wadogo hunyonya risasi mara nne au tano kuliko watu wazima, na kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Mtoto huyo haonekani mgonjwa. Huonekana mzito wa kufahamu, mwepesi wa hasira, asiyetulia darasani. Nasi walimu yatupasa tukumbuke hayo kabla ya kuinua bakora na kumwita mtoto mjinga. Na mama mwenye risasi mifupani, akichukua mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu kumjenga mtoto, na risasi nayo hutoka pamoja nayo.

Wala msidhani kuwa haya ni ya nchi za mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilichoanza mwaka 2007 kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakaazi kudhurika kwa risasi. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe alipatwa, aliongoza watu kudai haki yao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira huko Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024, baada ya hukumu hiyo kutenguliwa katika rufani, Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha.

Huenda mtu akauliza: Tufanye nini? Twamtajia machache yaliyo katika uwezo wa kila nyumba.

Kwanza, wanja. Hukumu ya kutia wanja ina mahali pake, wala siyo tunayoizungumza hapa. Tunazungumza kilichomo ndani ya kopo. Vipimo vilivyofanywa katika nchi nyingi vimeonyesha kwamba baadhi ya wanja na surma husagwa kutokana na jiwe liitwalo galena, ambalo ni risasi na salfa, na katika baadhi yake risasi hupita nusu ya uzito. Mtoto hujipangusa macho, kisha hutia vidole kinywani. Jina zuri lililoandikwa juu ya kopo si kipimo. Wanja usiojulikana umetengenezwa kwa nini usipakwe mtoto mchanga.

Pili, betri mbovu zisivunjwe uani wala kuchezewa na watoto. Na mvuvi ayeyushaye risasi kutengeneza chubwi za mshipi asifanye hivyo jikoni, wala katika sufuria itakayopikiwa, wala mbele ya watoto. Tena avue nguo zake za kazi kabla ya kumpakata mwanawe.

Tatu, rangi kuukuu inayobanduka ukutani isiachwe watoto wakaila, wala isikwanguliwe kavu ikawa vumbi. Anayenunua rangi mpya na aulize kama haina risasi.

Nne, viungo vya chakula. Huko Bangladesh ilithibitika kwamba baadhi ya wafanya biashara walitia rangi ya risasi katika manjano ili ing'are. Serikali ilipowashika mwaka 2019 na kuwatangazia watu, desturi hiyo ilikoma kwa muda mfupi. Manjano yanayong'aa kupita kiasi yasitupendeze. Mwenye nafasi na anunue mizizi mizima akasage mwenyewe.

Tano, watoto walishwe maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na mboga za majani. Mwili ulioshiba kalsiamu na madini ya chuma huipokea risasi kwa uchache. Mwenye nyumba akimweka mwenyeji mahali pake, mgeni mbaya hapati pa kukaa.

Sita, mtoto anayedhaniwa kuwa ameguswa na risasi apelekwe hospitali apimwe damu. Hakuna njia nyingine ya kujua.

Na watu wakitaka, jambo hili hushindika. Zamani petroli ilitiwa risasi dunia nzima, na moshi wa magari uliwafikia watoto wote wa mijini. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwezi wa Julai 2021.

Basi enyi vijana, mwalimu akiwauliza katika mtihani kwa nini atomu na ioni hazilingani kwa ukubwa, semeni: hesabu ya matabaka, nguvu ya kiini, na kinga ya elektroni za ndani. Kisha mkirudi nyumbani, wasomeeni mama zenu na bibi zenu haya tuliyoandika juu ya wanja na betri, kwani wao hawatafanya mtihani huo, lakini watoto wachanga wamo mikononi mwao.

Mwenye swali jingine na atuandikie. Katika toleo lijalo, inshallah, tutajibu swali la msomaji aliyetaka kujua kwa nini maji ya visima vya pwani hayatoi povu la sabuni.